Filimbi ya Pili ya Mji Mkuu

Watu wa Butembo hatuna unyenyekevu, nisiwadanganye. Siku niliyoambiwa kwamba staji yangu, yaani mazoezi ya kazi, nitaifanyia "kwenye mji mkuu", nilicheka mpaka mwalimu akanitoa darasani. Mji mkuu gani? Kinshasa ilikuwa ng'ambo ya mstari wa vita, na hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa anakwenda huko. Nchi ilikuwa imekatwa vipande, kila kipande na wakubwa wake, na wakubwa wa kipande chetu walikuwa wameamua kuketi Beni. Basi Beni ikawa mji mkuu. Beni, jamani! Mahali ambapo sisi tulikuwa tunashuka kununua mafuta ya mawese na kurudi nyumbani siku ileile. Soko letu peke yake lingemeza mji wao na mabaki yakaonekana, lakini wao ndio waliopewa mawaziri. Iliniuma, nakiri.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa jiografia. Mwalimu alinipa karatasi moja tu, fiche ya staji: juu jina langu, katikati nafasi ya alama na maoni, chini sahihi na muhuri wa shefu wa biro, yaani mkuu wa ofisi, nitakayoitumikia. Majuma sita. "Fiche ikirudi bila sahihi," alisema, "unarudia mwaka." Na kwangu kurudia mwaka hakukuwezekana. Papa, baba yangu, alikuwa mkulima kijijini Vuhovi, na alishasema mbele ya wajomba wote: "Mwaka hii ukikosa, utaachia mudogo wako nafasi ya masomo. Shamba iko, haiendi popote." Hakusema kwa hasira. Alisema kwa upole huku anamenya kiazi, na kwa sababu hiyo nilijua hatageuka. Nikaifunga ile fiche ndani ya plastiki mbili na kuilaza chini kabisa ya kikapu changu.

Kila Jumatatu asubuhi, ukungu wa Butembo ukiwa bado umelala juu ya mabati, nilipanda kamyo, lori la kabichi. Nasema nilipanda, maana tulikaa juu ya magunia, siyo ndani. Njia si ndefu, lakini mashimo yake yalikuwa na vina vyake, na mara nyingi tulishuka wote tukasukuma. Kadiri tulivyoteremka ndivyo joto lilivyopanda. Kwanza nilivua koti, halafu sweta, halafu kitambaa cha shingo, na tulipofika Beni nilikuwa nimebeba nguo zangu mkononi na jasho linanitoka. Watu wa Beni walitutambua kwa hilo. "Watu wa baridi wamefika!" walipiga kelele barabarani.

Nililala kwa mama mdogo wangu, dada wa mama, aliyeolewa Beni na kuuza mawese sokoni. Mwanamke wa kicheko. Kila nilipoingia na kikapu changu cha viazi, vitunguu na maparachichi kutoka nyumbani, aliwaita majirani wote. "Mupishe njia! Waziri wetu amefika! Mumuletee kiti!" Halafu aliniletea ndoo ya maji nioshe vyombo.

Biro yenyewe ilikuwa ndani ya dipo, ghala la zamani la kahawa. Kwenye mlango walikuwa wameandika kwa chaki: Mipango ya Mji. Ndani kulikuwa na meza moja, kabati moja lisilofungika, na magunia tuliyokalia sisi wadogo. Kila karatasi iliyotoka pale ilinuka kahawa mbichi. Na nyuma ya meza alikaa shefu.

Shefu alikuwa mtu wa Kasai, aliyetumwa kwetu na serikali ya zamani. Vita vilimkuta hapohapo. Wakubwa walibadilika juu ya kichwa chake mara tatu, yeye akabaki na meza yake. Katika joto lile la Beni alivaa koti na tai kila siku, na kama tai ilipinda alisimamisha mazungumzo ainyooshe. Mke wake na binti yake walikuwa Kinshasa. Miaka mitatu hakuwa amepata habari zao. Kila Ijumaa jioni aliwaandikia barua, akaifunga vizuri, akaiweka kwenye saraka ya meza pamoja na zile nyingine, kwa sababu hapakuwa na posta ya kuivusha mstari. Hakutuambia habari hiyo. Tuliiona tu, kwa kuwa saraka ilikuwa imejaa na haikutaka tena kufunga.

Siku ya kwanza aliiangalia fiche yangu kwa muda mrefu, akaitia kwenye saraka ya pili. "Mademoiselle stagiaire," akasema, yaani binti wa staji, "wageni banapotea mu muji hii. Donc, basi, utatuchorea ramani. Kila wizara, kila biro, na mahali yake. Ukimaliza, nitaandika alama. Usipomaliza, fiche italala humu." Akaigonga saraka kwa kidole.

Nikadhani ni kazi ya juma moja. Mji mdogo vile! Loo, nilikuwa mjinga. Nilitoka na ubao, karatasi na ile penseli tunayoiita kreyo, nikihesabu hatua zangu kutoka mzunguko wa katikati, nikachora wizara moja ndani ya nyumba ya fundi cherehani, nyingine ndani ya baa ya zamani ambayo ukuta wake bado ulikuwa na picha kubwa ya chupa ya bia, na mlinzi wa mlangoni alinikatalia katakata nisiichore chupa. Wizara ya tatu ilikuwa na waziri na kiti kimoja, kwa hiyo waziri alipotoka, katibu ndiye aliyekaa. Ijumaa nikampelekea shefu kazi safi, kwa wino. Jumatatu iliyofuata nikakuta fundi cherehani amerudi kwenye nyumba yake, anashona kaptula, na wizara imehamia nyuma ya parokia. Ile ya baa ilikuwa imegawanyika mara mbili na pande zote mbili hazisalimiani.

"Shefu, zinatembea!" nikalalamika.

"Serikali hapana tembea," alinijibu. "Chora tena."

Tangu siku ile nilichora kwa kreyo tu, na kifutio nilikifunga kwa uzi kwenye kidole. Na lazima niseme, nikaanza kuupenda mji ule. Jumanne nilizunguka upande wa mashamba ya kahawa, Jumatano sokoni, ambako mama mdogo alinisimamisha mbele ya wateja na kuwaonyesha vidole vyangu vyeusi: "Muone, huyu ndiye anajua waziri analala wapi!" Watu wakaanza kunitafuta. Wanajeshi waliotoka mikoa ya mbali waliniuliza njia, mapadri waliniuliza, hata katibu mmoja aliniuliza wizara yake iko wapi, maana alikuwa ameugua siku nne. Nilimpeleka mwenyewe. Jumamosi asubuhi kulikuwa na salongo, kila mtu na jembe lake kufyeka majani na kuzibua mifereji, halafu ndipo nilipanda kamyo kurudi kwetu, Jumapili misani, na Jumatatu tena juu ya kabichi. Nilikonda, nikawa mweusi, na nilikuwa na furaha isiyo na sababu. Kulikuwa na vita, ndiyo, tulivisikia kwenye redio na kwenye nyuso za watu waliofika na vifurushi, lakini mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili na mji mkuu mzima kichwani.

Sasa nieleze habari ya filimbi, kwa wasioijua desturi yetu. Kwetu bendera ikipandishwa asubuhi na ikishushwa jioni, mtu anapiga filimbi. Filimbi ya kwanza, kila kinachotembea kinasimama: mwenye baiskeli anashuka, mwenye mzigo anasimama nao, gari linazima. Hakuna kugeuka, hakuna kukohoa ukiweza. Bendera ikimaliza safari yake, filimbi ya pili inapigwa, na ulimwengu unaendelea. Wakati wa vita desturi hiyo ilikuwa kali zaidi. Mbele ya dipo yetu ndiko ulikokuwa mlingoti, kwenye barabara kubwa, na juma la nne polisi aliyepiga filimbi alipelekwa kwingine. Shefu akatutazama wote, akanipa mimi filimbi, kwa sababu, alisema, mimi peke yangu ndiye niliyefika kabla ya saa. Nikavimba kichwa. Nikaivaa shingoni kwa kamba, hata sokoni. Mama mdogo aliniambia natembea kama mwamuzi wa mpira.

Juma la sita, la mwisho, ramani ilikuwa tayari. Wizara zote zilikuwa zimetulia siku nane, muujiza huo, na nikaipitisha wino. Kilichobaki ni shefu kuiangalia Ijumaa na kuandika alama. Jumatatu ile kamba ya filimbi ilikatika njiani, nami nikaitupa filimbi ndani ya kikapu, kati ya maparachichi yaliyoiva vizuri. Nilipofika niliipangusa kwa nje, nikafunga kamba mpya, yakaisha. Siku tatu ililia, ingawa ilikuwa inakoroma kidogo. Mtu mwenye akili angeiosha.

Alhamisi jioni, soko linafungwa, barabara imejaa. Nikasimama chini ya mlingoti, shefu pembeni yangu na tai yake imenyooka, nikapuliza. Firiiii! Mji mkuu ukasimama. Wamama waliotoka shambani walisimama na vikapu vyao vya mihogo vimening'inia mgongoni kwa kamba ya paji la uso. Vijana wa chukudu wakazuia vile vigari vyao vya mbao kwa mguu. Gari la waziri mmoja likazima katikati ya mzunguko. Mwanajeshi akaishusha bendera polepole, akaikunja, akampa shefu. Nikavuta pumzi, nikapuliza filimbi ya pili.

Pfff.

Nikapuliza tena. Pfff, na kitu cha kijani kikatoka kwenye tundu, kidogo. Ile punje ya ndani inayoifanya ilie ilikuwa imeshikwa na parachichi. Nikatikisa, nikachokoa kwa kijiti, nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Hakuna.

"Mademoiselle," shefu alisema bila kugeuza kichwa, macho mbele. "Filimbi."

"Shefu, imekataa."

"Filimbi, mademoiselle."

Nikageukia barabara, nikapaza sauti: "Imeisha! Mutembee! Mutembee, imeisha!"

Hakuna aliyesogea. Mwanaume mmoja mwenye baiskeli akaniuliza kwa pembe ya mdomo, "Kwani weye ni filimbi?" Na alikuwa na haki. Juma lililopita wanajeshi walikuwa wamemlaza mtu kwenye matope mchana mzima kwa sababu alitangulia filimbi hatua mbili. Sasa walikuwa watano pale, na mkubwa wao alikuwa anaangalia miguu ya watu. Mtoto mmoja alipojikuna alimfokea kwa Kilingala, "Telema!", yaani simama, na mtoto akasimama hata vidole.

"Piga, mwanangu, piga," mama mmoja wa mihogo akaanza kunisihi. "Mugongo yangu inavunjika."

Na nyuma yake, nani? Mama mdogo, na bidoni, dumu la mawese, kichwani, shingo imekaza. "Ee Mungu wangu, ni mutoto wetu," akasema. "Ni yeye amefunga muji."

Matone ya mvua yakaanza kuanguka, makubwa makubwa. Mji mzima ulikuwa unaniangalia bila kugeuza vichwa. Waziri alikuwa ametoa uso dirishani. Nilimwona shefu jasho likimshuka hadi kwenye kola, na niliijua ile fiche iko wapi, kwenye saraka ya pili, nyeupe, haina hata nukta. Nikaona mdogo wangu na madaftari yangu. Nikaona jembe. Niliogopa, nawaambia.

Kulikuwa na jambo moja nililolijua, na nilikatazwa kulifanya. Nilipokuwa mtoto Vuhovi, babu alinifundisha kuwaita mbuzi kutoka kilima cha pili kwa mluzi, vidole viwili mdomoni, ulimi umekunjwa. Bibi alipotukuta alimgombeza babu siku mbili. Msichana hapigi mluzi, alisema. Msichana akipiga mluzi anaita upepo ulaze maharagwe ya watu, na hakuna atakayemwoa. Tangu hapo ilikuwa siri yangu na babu. Sikuwahi kupiga mluzi mbele ya watu, achilia mbali mbele ya mawaziri.

Nikapangusa vidole kwenye kitenge, nikavitia mdomoni, nikapiga.

Jamani! Ule mluzi ulitoka kama ulivyokuwa Vuhovi, mrefu, mkali, ukapanda mwishoni. Ndege waliruka kutoka kwenye bati la dipo. Sekunde moja kila mtu alipima kama hii ni filimbi ama siyo. Halafu mama wa mihogo akasema kwa sauti, "Mimi nimesikia filimbi," na akatembea. Basi wote wakatembea, wakikimbia mvua, wakicheka, baiskeli zinagongana, gari la waziri likakoroma, na mbuzi mmoja wa mtu, simjui mwenyewe mpaka leo, akaja mbio akasimama mbele yangu kunisubiri. Hata mkubwa wa wanajeshi alishika tumbo. Mama mdogo alipita karibu nami na bidoni yake na kunisonya: "Sasa bwana utamupata wapi?" Lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Shefu peke yake hakucheka. Alinyoosha mkono, nikampa filimbi. Akaichungulia ndani, akainusa. "Parachichi," akasema. Akaingia ndani na bendera.

Ijumaa nilifika biro kabla ya kuku, sikuwa nimekula kitu. Shefu aliikunjua ramani juu ya meza, akaifuata barabara moja moja kwa kidole, asubuhi nzima. Nilikaa juu ya gunia nikikifuata kile kidole kwa macho. Mwishowe akafungua saraka ya pili, akatoa fiche, akaiweka mbele yake, na kalamu akaishika hewani.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Babu, Shefu. Kwa mbuzi."

"Hm." Akaishusha kalamu. Kisha akasema, taratibu, siyo kwa sauti yake ya biro: "Nikiondoka Kinshasa, binti yangu alikuwa anafika hapa," na akagusa ukingo wa meza. "Sijui sasa anafika wapi. Jana, mvua inaninyeshea, nilifikiri: mais, kumbe mimi niko hivi tangu miaka tatu. Filimbi ya kwanza ilipigwa, nikasimama. Ninangoja."

Nilisema tu "Pole, Shefu", na machozi yalinilenga. Aliinama, akaandika, akagonga muhuri, akaikunja fiche mara nne. "Utasoma njiani," akasema. "Na filimbi ya serikali inaoshwa kila asubuhi. Uandike hiyo mu rapport yako."

Jumamosi, baada ya salongo, nilipanda kamyo yangu ya mwisho. Mama mdogo alinijazia mawese na maneno. Juu ya magunia, tukiwa tunangoja abiria wa mwisho, nikaifungua ile karatasi. Alama kumi na sita juu ya ishirini. Nilipiga kelele mpaka dereva akatoa kichwa. Halafu nikasoma nafasi ya maoni. Aliandika kwa Kifaransa, kwa herufi zake zilizonyooka, nami naiweka hapa kwa Kiswahili: "Filimbi ya serikali ilipokataa, stagiaire huyu hakuwaacha watu wamesimama."

Nilipoinua macho nilimwona. Alikuwa amekuja mpaka kwenye kituo cha makamyo, koti na tai, viatu vimejaa matope ya salongo. Hakupunga mkono. Alisimama kando ya barabara, mikono imenyooka, kama anavyosimama mbele ya bendera, akiangalia kamyo ikiwashwa na kuanza kusogea. Tulienda hatua kumi, ishirini, yeye yuko palepale.

Nikaitia fiche kifuani. Nikasimama juu ya magunia, abiria mmoja akanishika kitenge nisianguke, nikatia vidole viwili mdomoni, na mbele ya kituo kizima nikampigia shefu wangu filimbi ya pili.

Aliangalia chini. Mabega yake yakashuka. Akailegeza tai, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, akageuka, akaanza kutembea.